Vidonge Kumi na Saba

Mmebaki kumi na saba ndani ya kopo la siagi.
Nimewahesabu mara tatu,
kama mtu asiyejua anadai au anadaiwa.

Kabla yenu alianguka kando ya jiko la mawese,
hapa hapa Mwandiga, mchana, watu wakiona.
Mkono wake wa kushoto uliingia sufuriani.
Walisema: usimguse, povu lake linaambukiza.
Nilimgusa.
Kovu lile mpaka leo linang'aa kama ngozi ya mgebuka.

Kisha nikapewa ninyi.
Mama Bukuru, usiruke hata siku moja.
Nikaapa.
Jogoo wa kwanza, kimoja. Taa ikiwashwa, kimoja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
miezi tisa mwanangu hakuanguka.
Akarudi shule. Akachunga mbuzi wa watu.
Siku moja akaomba kupanda mchikichi,
nami, Mungu anisamehe,
nusura niseme panda.

Halafu mkojo:
chai ya rangi iliyosahauliwa motoni.
Macho yakawa manjano, viganja vikaparara
kama muhogo uliomenywa jana.
Kwa ngazi tatu za kanisa alipumzika mara mbili.
Malaria, wakasema. Kipimo kikakataa.
Mmechezewa, wakasema.
Hilo halina kipimo.

Hospitali ya mkoa, Butoyi akanyoosha mkono.
Walitoka tumbo moja usiku mmoja,
Butoyi nyuma kwa muda wa kuchemsha maji.
Mfuko ukaning'inizwa, damu ya pacha ikashuka
tone, tone,
nikasema moyoni: nyumba imerudi nyumbani.
Na taa za wodi zilipowashwa,
nesi akiwa kitanda cha mbali,
nikafungua pindo la kanga
nikampa kimoja.
Nilikuwa nimeapa.

Alfajiri beseni lilikuwa jeusi kuliko jana.
Damu ya Butoyi nayo ilikuwa imepasuliwa.

Gaudensia wa maabara akaniita dirishani,
akainua kichupa kilichotoka kuzungushwa.
Tazama, mama.
Miaka ishirini na miwili nakamua mawese;
kutenganisha ndiyo kazi yangu.
Chini chembe nyekundu, zimekaa kama tope.
Juu palitakiwa rangi ya nyasi kavu.
Juu palikuwa pekundu.
Sikungoja maneno ya daktari:
rangi ikihama mahali pake,
kuna kitu kimevunjika.

Anakunywa nini kila siku?
Nikaweka kopo mezani. Likalia kidogo.

Wakanieleza, taratibu, mara mbili.
Mwili wake uliwachoka, ukajifunza kuwawinda,
na chembe zilizowabeba mgongoni
zikapigwa pamoja nanyi,
kama mwenye nyumba anayechomewa paa
kwa kumlaza mgeni.
Hata damu ya kuazima, ikiwakuta humo, haiponi.
Nikauliza: kile cha jana jioni?
Daktari akatazama kalamu yake.
Hukujua, akasema.
Nalijua beseni. Nalijua pindo. Nilijua kuapa tu.

Sasa anakunywa vingine, vidogo, vyeupe,
wanaongeza nusu nusu.
Macho yanarudi. Ngazi za kanisa anazipanda bila kuzihesabu.
Lakini usiku wa sita alianguka,
mara moja, juu ya mkeka, mbali na moto,
na Butoyi ndiye aliyemlaza ubavu,
hakuogopa povu.

Nataka kuwalaani, nashindwa.
Huko bondeni kuna binti wa Skolastika,
anakunywa ninyi ninyi mwaka wa nne,
anakimbia, anacheka, mkojo wake maji.
Damu yake haikujifunza chuki.
Kwa nini yake, kwa nini si ya wangu?
Gaudensia naye hajui. Nilimpenda kwa kusema hajui.

Kesho nitawarudisha dirishani.
Usiku huu kaeni humo, msitikisike.
Bukuru amelala.
Mimi nasikiliza sakafu,
na kukikucha nitatazama beseni
kabla sijatazama uso wake.